Ndege mbaya usoni: uzoefu wangu na filamu ya Augure

Nimeitazama Augure mara mbili katika muda wa mwezi mmoja, mara ya kwanza peke yangu kwenye kompyuta na mara ya pili sebuleni pamoja na mama yangu mzazi, na ninaandika haya kwa sababu naamini sikio la Mswahili linaambulia katika filamu hii mambo ambayo mtazamaji mwingine atayakosa. Ni filamu ndefu ya kwanza ya Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi, nchini Kongo, mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji. Ilioneshwa katika tamasha la Cannes mwaka 2023, kwenye kitengo cha Un Certain Regard, ikapata tuzo ya sauti mpya, na baadaye Ubelgiji ikaiteua kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa. Inachukua saa moja na nusu hivi.

Jina la mwongozaji lenyewe ni mlango wa kuingilia. Sisi husema mlozi na walozi; huko Katanga, eneo la Kongo ulipo mji wa Lubumbashi, ambako kiambishi cha watu wengi ni ba-, neno ni baloji. Hata neno ndoki, analoitwa mchawi kwa Kilingala, ni tawi la shina hilohilo la kuloga. Baloji ameeleza mara nyingi hadharani kwamba awali jina lake lilimaanisha mtu wa elimu na maarifa, na kwamba ujio wa ukoloni na wamisionari ndio uliolishusha hadi maana ya uchawi na ushetani. Tafakari basi maisha ya mtoto anayeitwa kwa jina hilo kila siku, shuleni na nyumbani, kabla hajatenda jema wala baya. Nilipoitazama filamu nikiwa na wazo hilo kichwani, niliona kwamba kila mhusika mkuu ndani yake amebebeshwa mzigo wa namna hiyo.

Na kuhusu kichwa cha filamu, Kiswahili kina bahati. Neno la Kifaransa augure linatokana na makuhani wa Roma ya kale waliotabiri mambo kwa kuwatazama ndege angani. Wazee wetu nao, msafiri akikutana na jambo la kutia shaka njiani, walisema amepata ndege mbaya. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Koffi, anayeigizwa na Marc Zinga, anaishi Ubelgiji na anarudi Kongo baada ya miaka mingi ili kumtambulisha mchumba wake Alice, ambaye ni mjamzito wa mapacha, na kumkabidhi baba yake mahari kama desturi inavyotaka. Amezaliwa na alama usoni, na kwa alama hiyo amepachikwa jina Zabolo, yaani ibilisi. Baba yuko mgodini na haonekani. Kisha inakuja sehemu ambayo kwangu ndiyo moyo wa filamu: nyumbani kwao, mbele ya ndugu waliokusanyika, Koffi anampakata mtoto mchanga wa dada yake, pua yake inatoka damu, na damu inamdondokea mtoto. Ni jambo dogo ambalo kwa kitambaa na maji lingekwisha. Baloji hakutia muziki wa kutisha wala hakuiharakisha kamera. Aliziacha nyuso za ndugu zibadilike moja baada ya nyingine, na mtazamaji akashuhudia jinsi chumba kizima kinavyofikia hukumu bila mtu yeyote kuitamka. Kinachofuata ni ibada ya kumtakasa ambayo Koffi hakuiomba, na Alice anaitazama asijue amzuie nani.

Mimi nilikulia mkoani Shinyanga. Wanawake wazee wa kwetu walipika kwa samadi kavu ya ng'ombe ndani ya nyumba zisizo na dirisha, na moshi wa miaka yote hiyo uliyafanya macho yao kuwa mekundu. Kisha macho hayohayo yakawa ushahidi wa uchawi, na wako waliouawa kwa mapanga usiku. Rafiki wa bibi yangu, mwanamke aliyenifundisha kusuka ukili, aliihama nyumba yake na kwenda kuishi kwa binti yake mjini kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo nilipoiona alama kwenye shavu la Koffi sikuiona kama fumbo la kisanii, bali kama jambo ninalolijua. Namsifu Baloji kwa sababu hakuwafanya ndugu wa Koffi kuwa mahayawani. Wanamwogopea mtoto, na woga wao ni wa kweli hata kama chanzo chake si cha kweli, nao ndio unaotesa.

Filamu imegawanywa kwa wahusika wanne. Baada ya Koffi anakuja Paco, mtoto wa mtaani anayeongoza kundi la vijana wanaovaa magauni ya waridi kwa kumwomboleza dada yake aliyefariki. Yeye pia anadaiwa kuwa mchawi. Asiyeijua Kinshasa anaweza kudhani hayo ni ubunifu mtupu, lakini idadi ya watoto waliofukuzwa majumbani mwao kwa tuhuma hizo ilikuwa kubwa kiasi kwamba sheria ya Kongo ya kulinda watoto, iliyotungwa Januari 2009, imeifanya tuhuma ya uchawi dhidi ya mtoto kuwa kosa la jinai. Filamu haiitaji sheria hiyo popote, na imefanya vyema, kwani Paco si kielelezo cha tatizo la jamii. Ni mtoto mwenye msiba ambaye hajapewa matanga.

Sehemu ya Tshala, dada yake Koffi, ndiyo iliyoniacha na njaa. Eliane Umuhire, mwigizaji kutoka Rwanda, anaigiza kwa utulivu mkubwa mwanamke anayetaka kuishi na kupenda kwa kanuni zake mwenyewe na anayejiandaa kuhamia Afrika Kusini, lakini mara tu ninapoanza kumfahamu filamu inamwacha. Alice naye hana mengi ya kufanya zaidi ya kushangaa na kuumia. Naona kwamba mwongozaji alikuwa na hadithi nyingi zilizosubiri kwa miaka mingi, na hofu ya kutopata nafasi nyingine ikamfanya aziingize zote. Ni kasoro, nami naitaja kama kasoro, ingawa naielewa.

Kuhusu picha, sijawahi kuona Lubumbashi na Kinshasa zikioneshwa hivi, zikiwa zimeunganishwa kuwa mji mmoja usiotajwa jina. Maziwa ya mama yanaingia mtoni na maji yanakuwa mekundu, na Baloji hakufafanulii lolote; anakuacha uende na picha hiyo hadi mwisho. Kabla ya filamu alijulikana kama rapa, kwanza katika kundi la Starflam la Liège na kisha peke yake, na ameshiriki pia kubuni mavazi ya Augure pamoja na Elke Hoste. Tena alitunga albamu nne, kila moja kwa sauti ya mmoja wa wahusika wanne. Nadhani ndiyo sababu kila sehemu ina mwendo wake wa kupumua, na ndiyo sababu pia mtu anayesubiri hadithi inayokwenda moja kwa moja atachoka mapema.

Nina lalamiko kuhusu huduma ya mtandaoni niliyoitumia nilipoitazama mara ya kwanza. Ndani ya filamu kuna Kifaransa, Kiswahili, Kilingala na Kiingereza, na mtu anapohama kutoka lugha moja kwenda nyingine huwa anahama pia kutoka upande mmoja wa familia kwenda mwingine, lakini maandishi ya tafsiri yaliyotolewa hayakuonesha tofauti yoyote, kana kwamba wote wanazungumza kwa ulimi mmoja. Niliyafunga nilipofika kwenye mazungumzo ya Kiswahili. Ni Kiswahili kilichokuzwa katika kambi za wachimbaji wa shaba wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, na kinasema batu mahali ambapo sisi tunasema watu. Kuna maneno yaliyonipita. Hata hivyo nilisikia ndani yake ukali wa nyumbani, ule wa shangazi anayekuuliza swali huku jibu analo tayari, na ukali huo haukuwa umetafsiriwa kabisa.

Mara ya pili nilitumia nakala nzuri zaidi na nikamwalika mama. Mwanzoni alizungumza sana, akiniuliza huyu ni nani wa nani, na alipomwona Paco alisema, "Na huyu mtoto, kosa lake nini?" Tulipofika sehemu ya nne, ya Mama Mujila, mama mzazi wa Koffi anayeigizwa na Yves-Marina Gnahoua, alinyamaza. Hadi hapo tulikuwa tumemwona Mujila kama mwanamke mwenye moyo wa jiwe, aliyemkataa mwanawe wa kumzaa. Sitaeleza yanayotokea, nitasema tu kwamba kamera inamkaribia taratibu, na tunaanza kuelewa kwamba aliyeitoa hukumu alikuwa wa kwanza kuhukumiwa. Gnahoua anaigiza kwa mgongo na mabega kuliko kwa maneno.

Filamu ilipokwisha mama alijifunga khanga yake upya, akaniomba nirudi nyuma hadi pale Koffi alipompakata mtoto. Alitaka kuona tena nani alikuwa wa kwanza kumnyang'anya.