TAHADHARI: Vishoka wa vyeti vya ISO 22000 na HACCP wanatupigia simu wasindikaji

Habari zenu wasindikaji wenzangu. Nimetapeliwa, na nimesubiri hasira zishuke kidogo ndipo niandike, nisije nikatukana. ISO 22000 ni kiwango cha kimataifa cha mfumo wa usalama wa chakula, na HACCP, tunayoiita hasapu, ni mpango wa kutambua hatari kwenye chakula na kuzidhibiti. Kama unasindika siagi ya karanga, unga lishe, asali, achari, chochote kinachoingia mdomoni, na lebo yako ina namba ya simu, jiandae. Hawa vishoka namba zetu wanazichukua palepale kwenye lebo.

Mimi natengeneza siagi ya karanga hapa Morogoro. Tuko watano, mashine mbili, alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, tunayo. Baada ya Nanenane, mnunuzi wa supamaketi moja ya Dar es Salaam akaniambia mzigo ameupenda, ila ofisi yao inataka kuona mfumo wa usalama wa chakula. Wiki haijaisha simu ikaita. Kijana, sauti ya upole, shikamoo mbilimbili. "Mama yangu, tunakupa ISO 22000 pamoja na hasapu, vyote milioni moja na laki nane. Siku tano cheti mkononi. Ukilipa leo tunakutolea laki tatu." Nikamuuliza mnakuja lini kukagua. Akacheka kidogo: "Mama, siku hizi ukaguzi ni wa mtandaoni." Basi nikatuma picha sita WhatsApp: mlango, mashine, stoo, sinki, choo, na mimi mwenyewe nimevaa kofia ya kazini. Nikatuma na milioni moja na nusu, kwenye namba ya mtu binafsi. Mnaweza kunicheka, nimeshajicheka sana.

Cheti kilikuja siku ya tatu, kimepandishwa basi kikiwa ndani ya fremu. Kizuri, sikatai. Muhuri wa dhahabu, ramani ya dunia nyuma, saini kama za kwenye noti. Nikakitundika juu ya meza, nikapiga picha, nikaweka status.

Afisa ubora wa ile supamaketi ni binti mdogo tu. Alikitazama kama dakika moja hivi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Mama, kumbe mnasindika na maziwa?" Mahali panapotajwa shughuli iliyokaguliwa paliandikwa, kwa Kiingereza, uzalishaji wa maziwa na mtindi. Walichukua cha mtu mwingine wakabadilisha jina na anwani. Kidole kikashuka kwenye namba ya toleo: ISO 22000:2005. Akanieleza kwamba hilo ni toleo la kwanza, la sasa ni la 2018, na vyeti vya toleo lile la zamani vilikuwa vimekwisha kazi kufikia mwisho wa 2021. Changu kilikuwa hakijamaliza mwezi. Halafu chini kabisa, kwa herufi kubwa: "Kimetolewa na ISO, Geneva".

Hapo kwenye Geneva ndipo wengi tunapoliwa. ISO kweli makao yake ni Geneva, Uswisi, lakini kazi yao ni kuandika viwango. Hawamkagui mtu, hawampi mtu cheti, na nembo yao hawaruhusu ibandikwe kwenye vyeti. Cheti hutolewa na kampuni ya ukaguzi, na kampuni hiyo nayo inatakiwa ikaguliwe na chombo cha ithibati, yaani kinachothibitisha kwamba inaweza kukagua. Kwa sisi nchi za SADC kipo SADCAS, Gaborone, Botswana. Wakenya wana KENAS, Afrika Kusini wana SANAS. Nembo ya chombo hicho inakaa kwenye cheti pamoja na namba ya ithibati ya ile kampuni. Changu kilikuwa na nembo ya "bodi ya ithibati" ambayo tovuti yake ni ukurasa mmoja na simu yake haipokelewi. Na ile QR ya kwenye cheti nisiwafiche: ukiiskani inafunguka vizuri na kukuandikia "cheti ni halali", sababu inakupeleka kwenye tovuti ya matapeli wenyewe. Ingia kwa mlango wako. Fungua IAF CertSearch, orodha ya mtandaoni ya vyeti, uandike jina la kampuni au namba ya cheti, au waandikie SADCAS uwaulize kama wanaifahamu kampuni hiyo na kama ithibati yake inagusa chakula. Maana nyingine inayo ya kukagua ofisi na karakana tu.

Lakini kilichoniuma kuliko hela ni faili la hasapu waliloniletea.

Kurasa arobaini na kitu, zimefungwa vizuri kwa ringi. Sikulisoma siku lilipokuja, nani anasoma kurasa arobaini za Kiingereza msimu wa karanga? Siku niliyorudi kutoka Dar nikakaa nalo na mtoto wangu. Ukurasa wa kumi na mbili unaniagiza niyachemshe maziwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, hiyo ndiyo hatua yangu kuu ya udhibiti. Karanga zimetajwa mara moja, kwenye jina la kampuni. Sumukuvu, ile sumu ya kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi, haipo. Nimetafuta kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, haipo.

Sasa mtu anayesindika karanga Tanzania unamwandikiaje mpango wa usalama bila sumukuvu? Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Jirani zetu Kenya mwaka 2004 walizika watu 125. Kikomo cha sumukuvu cha Afrika Mashariki kwa mahindi na karanga ni sehemu 10 kwa bilioni, na huwezi kuiona kwa jicho wala kuionja. Kukaanga kunaipunguza tu, hakuimalizi. Kwangu mimi hatua kuu ziko kwenye kununua karanga zilizokaushwa vizuri, kuchambua zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kuzihifadhi juu ya chaga pakavu, na kupeleka sampuli maabara. Kukaanga kunakuja kwa ajili ya vijidudu, na hapo lazima ujue joto na dakika zako, uandike kila mzigo. Mambo haya nimeyajua baadaye, kwa mtu aliyekuja akakaa kutwa nzima akiwaangalia wasichana wangu wanavyochambua. Aliwaona wakiweka karanga mbovu kwenye ndoo isiyo na alama, rangi ileile na ya nzima. Picha sita za WhatsApp zingeionaje ndoo?

Na msidhani makaratasi mazuri juu ya uozo ni ya kwetu peke yetu. Marekani, 2008 kwenda 2009, siagi ya karanga yenye bakteria wa salmonela iliwafanya watu 714 waugue na tisa wakafa. Kiwanda kilikuwa kimepewa daraja la juu na mkaguzi aliyelipwa na kiwanda chenyewe. Mwenye kampuni alihukumiwa miaka 28 jela mwaka 2015. Yule wa vyeti hahukumiwi na mtu, anayekamatwa ni mwenye jina kwenye chupa. Ndiyo maana cheti kile nilikishusha siku hiyohiyo, na status nikafuta.

Mjue basi cheti cha kweli kinavyopatikana. Wakaguzi wanakuja mara mbili kwanza: ya kwanza kutazama nyaraka na kama mko tayari, ya pili kukagua kazi yenyewe inavyoendeshwa, na wanakuachia orodha ya makosa uyarekebishe. Ni wachache wanaotoka bila makosa, ukiambiwa umepata mia kwa mia shtuka. Cheti ni cha miaka mitatu na kila mwaka wanarudi kukuchungulia. Siku tano hazitoshi hata kukusanya rekodi. Na kampuni inayokukagua hairuhusiwi kukuandikia wewe huo mfumo; mshauri ni mtu mwingine, mkaguzi ni mwingine. Aliyeniuzia mimi alikuwa mshauri, mkaguzi, mtoa cheti na mpokea hela, wote namba moja ya simu. Hasapu nayo msingi wake ni kanuni saba za Codex, chombo cha viwango vya chakula cha FAO na WHO, na Codex haimpi mtu cheti, kwa hiyo akija na "cheti cha Codex" mwage njiani.

Kuna wengine wamebadilisha biashara, wanauza "kibali cha chakula cha TFDA", ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Huyo anakuuzia marehemu. Chakula kilihamia TBS mwaka 2019 na TFDA ikawa TMDA, wanashughulika na dawa na vifaa tiba. Na wadogo wenzangu ambao hata alama ya ubora hamjaipata, msianze na ISO kabisa. Alama ya TBS ni ya bidhaa, ISO 22000 ni ya mfumo wa kazi, na moja haizai nyingine. Nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwenu mchukue barua ya utambulisho, mjasiriamali mdogo hapa TBS halipii alama kwa miaka mitatu ya mwanzo. Nimesikia mtu kalipishwa laki nne na kishoka kwa kitu hicho hicho cha bure.

Hela yangu haijarudi. Polisi nimeripoti, namba yake nimeipeleka 15040, kunakoripotiwa matapeli wa simu, na ujumbe wake wote ninao. Supamaketi wameniambia nirudi nikiwa na rekodi za miezi mitatu za kukaanga na majibu ya maabara, cheti kitakuja baadaye. Nipo mwezi wa pili wa rekodi hizo.

Juzi mama mmoja wa kikundi chetu, wa asali, kanitumia ujumbe: "Dada, kuna kijana ana adabu sana ananipa ISO kwa milioni na nusu nikilipa leo, na hasapu ndani yake." Nikampigia kabla sijamaliza kusoma. Alikuwa ameshapiga picha ya mlango, hela bado.