Madoa ya maka kwenye mkeka wa mchezo: spiriti ya duka la dawa imefanya kazi, nyekundu imegoma

Nianze na jibu, maana anayetafuta habari hii huenda tayari ana kitambaa mkononi. Spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, inatoa wino mweusi, wa bluu na wa kijani kwenye mkeka wa vinaili (plastiki laini ya PVC) kwa kiwango cha kuridhisha. Nyekundu inafifia tu. Na kama wino umekaa humo kwa muda mrefu, usitegemee mkeka kurudi kama ulivyotoka kiwandani, hata ukimaliza chupa nzima.

Mkeka ninaouzungumzia ni Chessex Battlemat, ule wa rangi ya mchanga, upande mmoja una miraba ya inchi moja na wa pili una pembesita. Kundi letu linacheza Dungeons & Dragons huku Njiro, Arusha, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza cha kuungaunga. Tunacheza zaidi kipindi cha masika, kwa sababu wawili kati yetu ni waongoza watalii na Aprili na Mei ndipo wanapoonekana mjini. Kwa asiyeufahamu mchezo huu, uliochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974: mmoja anasimulia na kuendesha, wengine kila mtu ana mhusika wake, na kete ndizo zinazoamua kama upanga umempata adui au umekata hewa. Kwa kipimo kilichozoeleka, mraba wa inchi moja ni futi tano za ardhi. Ramani inachorwa kwa kalamu juu ya mkeka, pambano likiisha inafutwa, inachorwa nyingine. Mwendesha mchezo wetu anapenda mapango. Amezichora njia za mahandaki ya Wachagga, yale waliyochimba kujificha enzi za vita na Wamasai, mara nyingi kiasi kwamba adui akitokea tu kila mtu anajua pa kukimbilia.

Nilinunua mkeka huu mtumba, kwa mgeni aliyekuwa anauza vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Bei ilikuwa nzuri, na sababu ya bei nzuri niliiona nilipoukunjua pale pale: ngome nzima, kuta, minara na mto, kwa wino mwekundu, wa zambarau na mweusi, vyote vimeshagandamana na mkeka. Niliuchukua hivyo hivyo. Mkeka mpya kuuagiza nje, ukijumlisha usafiri na ushuru, unakutoa jasho.

Kabla ya kuanza kumwaga dawa ni vizuri kuelewa doa limekaa wapi, kwa sababu hapo ndipo ushauri mwingi unapopotoka. PVC yenyewe ni ngumu; mabomba meupe ya maji ni PVC hiyo hiyo. Ili iwe laini na ikubali kukunjwa, kiwandani huchanganywa na vilainishi vya mafutamafuta. Sasa maka ya ubao mweupe ina rangi iliyoyeyushwa kwenye alkoholi. Kwenye ubao wa darasani uso ni mgumu, umefunikwa tabaka lisilopitisha kitu, kwa hiyo wino unakauka juu na mwalimu anaufuta kwa kidole. Kwenye vinaili laini hakuna cha kuuzuia. Rangi inazama na kukaa pamoja na vilainishi, na kadiri siku zinavyopita, hasa kwenye joto, inazidi kuteremka. Kwa hiyo doa haliko juu kama uchafu. Liko ndani kama mchuzi wa manjano ulioingia kwenye bakuli la plastiki. Ukisugua, unasugua mkeka, doa linakutazama.

Nilianza na maji ya vuguvugu na sabuni ya maji. Ilitoka vumbi na mafuta ya chipsi. Ngome ikabaki.

Nikaenda duka la dawa la karibu. Dada wa pale aliuliza, "Kidonda kiko wapi, kaka?"

"Sina kidonda dada, nina mkeka."

"Umechanika?" Wakacheka yeye na mwenzake, na mimi nikaona nisipoteze muda kueleza kuwa sikubeti. Chupa ndogo ilikuwa shilingi 2,500. Angalia lebo: unataka alkoholi ya karibu asilimia 70. Kali zaidi si bora zaidi kwa kazi hii, kwa sababu inaruka hewani kabla haijafanya lolote. Yale maji yaliyomo yanaichelewesha kukauka, na kuchelewa ndiko tunakokutaka.

Namna ya kuitumia ina maana kuliko dawa yenyewe. Chukua fulana kuukuu ya pamba, nyeupe, ili uone rangi inatoka au unajidanganya. Usiimwage spiriti kwenye mkeka. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa, kandamiza, subiri kidogo, kisha kiinue. Kikishachukua rangi, geuza upande safi. Ukiendelea na upande ule ule unahamisha wino kutoka mraba mmoja kwenda mwingine, na kesho utakuwa na wingu la zambarau mahali palipokuwa na mstari mmoja. Fanya kutoka ukingo wa doa kuelekea katikati. Ukimaliza eneo moja, lifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha likaushe. Anza na pembe ambayo haitumiki, kwani kuna mikeka ambayo mistari yake ya miraba nayo inayeyuka. Kwangu mistari ilisimama imara, ila niliona rangi ya mchanga imepauka kidogo pale nilipokaa muda mrefu.

Weusi ulitoka karibu wote. Kijani, ambacho kilikuwa miti michache pembeni, kilitoka bila ugomvi. Zambarau ndiyo ilinishangaza: bluu iliyomo ndani yake ilihamia kwenye fulana, ikaniachia mkekani waridi hafifu, maana zambarau nyingi ni mchanganyiko. Nyekundu ilipungua mpaka ikawa kivuli, ikakataa kwenda zaidi. Nilirudia, ikakataa tena. Ukikaa kiti cha upande wa pili wa meza huioni; ukiinama unaisoma vizuri kabisa ngome ya yule bwana.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa dawa za madoa hawalitaji. Alkoholi ikirudiwarudiwa huvuta na vilainishi pia, na mkeka unaanza kuwa mkavu, mgumu, unaokataa kulala mezani. Kwa hiyo hii ni tiba ya mara moja moja, si sabuni ya kila Jumamosi. Na spiriti inawaka. Fungua madirisha, na umeme ukikatika katikati ya kazi tumia tochi ya simu. Mshumaa na jiko la gesi vikae mbali.

Hivyo vingine nilivyojaribu navipitia haraka. Kitakasa mikono cha jeli kinafanya kazi kwa sababu ile ile ya alkoholi, na kwa mstari mmoja mzito nakipenda kuliko spiriti maana hakikimbii. Ila kinaacha utelezi, lazima uoshe. Dawa ya meno inang'arisha tu pale ulipoipaka, doa lipo. Zile sponji nyeupe nyepesi za kufutia kuta, zilizotengenezwa kwa povu la melamini, kwa kweli ni msasa laini sana: zinapunguza doa kwa kulila tabaka la juu la mkeka, na sehemu iliyokwanguliwa hivyo inanyonya wino wa kesho kwa pupa. Nilizitumia kwenye herufi mbili tu nikaziweka chini. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha niliijaribu kwa makusudi kwenye ukingo ulio nje ya miraba: vinaili ikanata kama pipi iliyolambwa na ikabaki na baka lisilong'aa. Thina sikuona haja hata ya kuifungua. Jiki niliiacha kabatini, na wewe usiilete karibu na spiriti. Vikichanganyika vinatoa sumu.

Kuna mbinu inayosifiwa sana ya kuchora tena juu ya doa kwa maka ya ubao kisha kufuta vyote kwa pamoja. Kwenye ubao mweupe ni kweli, alkoholi ya wino mpya huyeyusha wa zamani. Kwenye vinaili unaongeza doa.

Jua nalo lina sehemu yake. Julai ya Arusha jua ni la kuomba, lakini mmoja wetu ana ndugu Moshi, maeneo ya Majengo, na mkeka ulikaa huko ukining'inia kwenye kivuli cha baraza lenye mwanga mwingi, si kwenye jua kali lenyewe. Mwanga unavunja baadhi ya rangi, na ile waridi iliyobaki kutoka kwenye zambarau ilipungua waziwazi. Nyekundu halisi haikujali. Jua kali la moja kwa moja silishauri, kwa sababu joto linausukuma wino chini na linaichosha vinaili.

Spiriti naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja imekaa kwenye mto mwekundu wa ile ngome.

Ila kinachostahili pesa zako zaidi ni kalamu. Vinaili ya aina hii inataka maka zinazofutwa kwa maji, zile ambazo walimu walikuwa wanaandikia kwenye karatasi angavu za projekta. Mimi nimeishia kwenye Staedtler Lumocolor, na hapa uwe macho: Lumocolor zipo za aina zaidi ya moja zinazofanana, na tofauti iko kwenye maandishi ya ubavuni. Unayoitaka imeandikwa "non-permanent". Nilizunguka steshenari za katikati ya mji, na kila nilipouliza nilipewa maka ya ubao kwa ujasiri mkubwa. "Zote zinafutika, bosi," Mangi mmoja aliniambia, na kwa ubao alikuwa sahihi. Shida ni kwamba projekta za karatasi zimepitwa na wakati, kila mtu sasa anatumia za kompyuta, hivyo maka hizi zikipatikana mara nyingi ni mabaki yaliyolala rafuni mpaka yakakauka. Kabla ya kulipa, andika kwenye kipande cha plastiki, acha ikauke, pitisha kidole kikavu, halafu chenye maji. Kidole kikavu kisitoe kitu. Chenye maji kitoe vyote. Ikiwa kinyume, rudisha.

Hata hizo, nyekundu nimeipiga marufuku mezani. Damu ya majini yetu sasa ni ya bluu. Na ramani inafutwa jioni ile ile, haijalishi pambano limefikia wapi. Tukitaka kuendelea wiki ijayo mtu anapiga picha kwa simu na tunachora upya.

Mikeka ya kitambaa juu na mpira chini, ile inayochapishwa picha na kutumika kwa michezo ya kadi, ni habari nyingine kabisa. Haikutengenezwa kuandikwa. Wino ukidondoka humo, nyonya kwa kitambaa kikavu kwanza, halafu maji baridi na sabuni kidogo, na spiriti iwe ya mwisho, kwa tone, maana inaweza kuitoa na picha.

Na kama bado hujanunua mkeka, usiharakishe. Chapisha miraba ya inchi moja kwenye karatasi za A3, zipeleke zikapigwe lamination. Plastiki ile ya juu ni ngumu, hailainishwi kama vinaili, hivyo hata maka ya kawaida ya ubao inafutika humo kwa kitambaa kikavu. Karatasi nne zikiunganishwa zinatosha meza ya watu watano. Selotepu ipite upande wa chini, kwa sababu wino ukikutana na gundi yake pembeni hautoki.