Darubini ya 8x42 msituni: kwa chozi na kwa kipanga

Darubini ya kutazamia ndege ipimwe msituni, kwa ndege wawili wasiofanana hata kidogo: chozi, asiyetulia kwenye ua moja, na kipanga, anayeweza kukaa kimya kwenye tawi la kivulini mpaka upite chini yake bila kumwona. Ya 8x42 (inayokuza mara 8) inawamudu wote wawili kuliko ya 10x42 (inayokuza mara 10), japo wanunuzi wengi hukimbilia hiyo kumi.

Kwa kipanga, shida ni mwanga. Gawa 42 (kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita) kwa 8, unapata 5.25: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni. Kwa 10 ni 4.2 tu. Juani huoni tofauti, maana mboni imejibana. Chini ya miti mizito mboni hupanuka, na hapo michirizi ya kifuani mwake huonekana vizuri kwenye 8, ilhali kwenye 10 inafifia.

Kwa chozi, shida ni kasi. Nyingi za 8x42 huonyesha upana wa mita 130 hivi kwa umbali wa mita 1000. Za 10x42 huwa karibu na 110, na mtetemo wa mkono nao hukuzwa zaidi. Kabla ya kulipa, lenga kitu kilicho mita 2 mbele yako, uone kama kinaonekana wazi. Zipo zinazoanzia mita 4, na chozi akija kwenye ua la karibu utaona ukungu mtupu. Gurudumu la kulengea likihitaji mizunguko miwili kutoka karibu hadi mbali, ndege ameshaondoka.

Kasoro inayokera kwenye zile za bei nafuu ni pete ya jicho la kulia (ya kusawazisha tofauti ya macho yako mawili): inalegea na kujizungusha ndani ya mkoba. Irekebishe hivi: ziba lenzi ya kulia, lenga kwa gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione sawasawa, kisha ziba ya kushoto, uzungushe pete peke yake. Ukishapata, ibandike utepe. Chagua pia iliyojazwa naitrojeni na kuzibwa, kwani unyevu ukiingia ndani haufutiki kwa kitambaa.

10x42 inashinda pale tu kipanga anapozunguka juu ya msitu, mwanga tele, nawe unataka kuhesabu michirizi ya mkiani.