Shahada ya Historia ya Sanaa: Uzoefu Wangu, Mtoto wa Mkomani

Nimemaliza shahada ya historia ya sanaa katika chuo kikuu ambacho sitakitaja, na kwa kuwa vijana wa hapa Lamu huniuliza kama karo yake inastahili kulipwa, naeleza niliyoyaona.

Kilichonifaa zaidi ni kufundishwa kutazama. Mwaka wa kwanza mhadhiri alituweka saa mbili mbele ya picha moja, ile ya mume na mke iliyochorwa na Jan van Eyck mwaka 1434, mpaka sote tukakiona kioo cha mviringo kilicho ukutani nyuma yao, ambamo wanaonekana watu wawili zaidi mlangoni, na juu yake maandishi ya mchoraji kwamba alikuwapo hapo. Peke yangu ningeipita picha hiyo kwa dakika moja.

Mitihani haikunipendeza: jina la msanii, mwaka, malighafi iliyotumika, basi. Kilichoniudhi hasa ni kwamba Pwani yetu ilipewa mhadhara mmoja tu katika kozi nzima, na mlango wa kuchonga wa Lamu ukaonyeshwa kama sanaa ya Waarabu, bila neno juu ya mafundi wa kuchonga wa Siyu, kisiwani Pate, wala siwa (baragumu kubwa) ya pembe ya ndovu ya Pate iliyomo katika Makumbusho ya Lamu.

Kwa hiyo tasnifu yangu niliiandika juu ya zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vya ukutani vya kuwekea vyombo, katika nyumba ya shangazi yangu. Nilivipima kidaka kimoja kimoja kwa tepu, nikimulika tochi kutoka ubavuni ili alama za kisu katika chokaa zitoe kivuli, na katika safu ya chini nikakuta ua moja ambalo fundi alilianza asilimalize. Shangazi, aliyezaliwa katika nyumba hiyo, aliinama akalitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hapo pamekaa sahani siku zote," akasema.

Msimamizi wangu aliipenda sura hiyo kuliko zote, ingawa ilinibidi nimweleze kwanza kidaka ni kitu gani.

Kazi ni chache, na mimi kwa sasa natembeza wageni mjini. Hata hivyo ningeisoma tena, ila safari hii ningeomba orodha ya mihadhara yote kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, nihesabu mingapi inaihusu Afrika.