Ijumaa moja Green Dragon na mama: bei haipungui, nyongeza ipo

Mara ya kwanza nilifika Jumamosi, nikakuta maegesho matupu. Kosa langu mwenyewe. Green Dragon, soko la wakulima la Ephrata katika kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, siku yake ni Ijumaa tu. Lilianza mwaka 1932 na wenyeji wote wanalijua hilo, ila mimi nilitoka Baltimore bila kuuliza mtu. Agosti nikarudi, safari hii na mama aliyekuja kunitembelea kutoka Musoma.

Ukishaacha barabara kuu, punguza mwendo. Waamishi wa Lancaster, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani, hutembelea vigari vya farasi vya kijivu, nyuma vimebandikwa pembetatu ya rangi ya chungwa, na kwenye vilima unaweza kukikuta kimoja puani. Mama alihesabu saba, kisha akahamia kwenye mashamba. "Hawa watu wanapalilia," akasema. Kwa mama hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Soko lenyewe ni kubwa kuliko nilivyodhani: majengo kadhaa, vibanda vya nje, na sehemu ya mnada wa nyasi kavu za mifugo. Usidhani kila muuzaji ni Mwamishi. Wako Wamennonite, Wakristo wenye asili moja na Waamishi, wako Wamarekani wa kawaida wanaouza soksi na vifuniko vya simu. Na katika masoko ya namna hii tumia akili kidogo: ukiona machungwa, jiulize nani analima machungwa Pennsylvania. Sisi tulifuata vya msimu, yaani mahindi, nyanya na mafyulisi, yale ambayo wengine huita pichesi.

Kwenye mahindi alikuwepo binti wa miaka kumi na sita hivi, kofia nyeupe ya kitambaa chepesi, gauni la zambarau lililobanwa kwa pini badala ya vifungo. Dazani dola 7. "Mwambie tano," mama akaninong'oneza. Nikaona aibu. Mama hakuiona, akanyoosha vidole vitano juu ya rundo la mahindi kama yuko sokoni kwetu. Binti akatabasamu, akatikisa kichwa, akaonyesha vidole saba. Basi. Akaanza kuhesabu, kumi na mbili, halafu akachukua hindi jingine nono akalitupia mfukoni bila kusema neno. Baadaye nikaambiwa wakulima wengi huku dazani yao ya mahindi ni kumi na tatu. Mama hakutaka maelezo. "Nyongeza wanaijua," akasema, na tangu hapo akaacha kulia bei, akawa anasubiri tu kuona kila muuzaji ataongeza nini. Wa mafyulisi hakuongeza kitu, na mama hajamsahau.

Ndani, vibanda vya nyama na jibini vina friji na mizani ya umeme. Mama akauliza, si hawa hawataki umeme? Nilivyoelewa mimi, wanachokataa ni kuunganisha nyumba zao na gridi. Jengo la kupanga lenye umeme wa mtu mwingine ni habari nyingine. Kumiliki na kutumia kwao ni vitu viwili. Ndiyo maana Mwamishi atapanda gari la kukodi lenye dereva, lakini hatanunua lake.

Kilichonigusa hasa kilitokea kwenye kibanda cha jamu, kwa mama mmoja mtu mzima, Mmennonite. Alituuliza tumetoka wapi. Nikasema Tanzania, mama akadakia "Musoma". Yule mama akaweka chupa chini, akasema "Shirati", kwa matamshi safi kabisa. Kwa wasiojua: wamisionari Wamennonite waliofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 walitumwa kutoka Lancaster hii hii, na ndiko lilikoanzia Kanisa la Mennonite Tanzania. Mama yangu ni muumini wa kanisa hilo, na jina Lancaster amelisikia tangu shule ya Jumapili bila kujua ni mahali panapouzwa nyanya. Walishikana mikono muda mrefu, mmoja kwa Kiswahili mwingine kwa Kiingereza, mimi nikitafsiri nusu nusu. Foleni nyuma yetu ikavumilia.

Vya kula: nunua mkate wa kusokotwa, pretzel, ungali moto, unaochovywa kwenye siagi iliyoyeyushwa mbele yako. Pai la molasi ni tamu mno, kipande kimoja kinatosha watu watatu. Scrapple, yaani mabaki ya nyama ya nguruwe yaliyosongwa na unga wa mahindi kisha kukatwa vipande na kukaangwa, mama aliita ugali uliopotea njia. Lakini achari yao ya chow-chow, maharage, koliflawa, karoti na hoho ndani ya siki yenye sukari, aliila na kila kitu, hata na samaki.

Beba pesa taslimu. Vibanda vingi tulivyonunua viliuliza noti kwanza. Beba na kasha la barafu, mimi sikubeba na siagi iliishia kwenye zulia la gari. Simu iache mfukoni. Waamishi hawapendi kupigwa picha za uso, ni suala la imani, na nilimwona kijana mmoja akigeuza mgongo taratibu mtalii alipoinua kamera, akaendelea kupanga matango yake. Kwa bei, usitarajie nafuu kubwa kuliko dukani. Nyanya zilikuwa ghali kidogo, ila zilinukia nyanya.

Mahindi mama aliyachemsha usiku huo huo. Aliyalaumu kuwa hayana uzito, hayafai kuchoma wala makande, akala manne. Chupa mbili za achari alizifunga kwenye khanga akaondoka nazo hadi Musoma. Jana kanipigia kuniambia zimekwisha.