Titi la kufuma nililopewa na wamama wa Jumatano, miezi saba nikilivaa

Naandika hii kwa ajili ya dada yangu yeyote aliyetolewa titi na muda huu anavaa sidiria yenye soksi ndani, maana na mimi nimeanzia huko huko. Soksi za shule za mwanangu, pea mbili, nazikunja, nazibana na pini, naenda nazo kazini. Siku moja kanisani tumenyanyua mikono kuomba, nashusha mikono soksi imeshapanda hadi karibu na bega, nikatoka nje nikakaa kwenye gari la jirani mpaka ibada ikaisha. Kwahiyo nikisema hiki kitu kimenisaidia naomba mniamini.

Chenyewe ni titi la uzi, limefumwa kwa mkono na sindano kama unavyofuma kofia ya mtoto, ndani limejazwa ile pamba laini ya mito, unaliweka kwenye sidiria yako ya kawaida upande uliotolewa. Mimi nimepewa bure na kikundi cha wamama wanaojitolea, wengi wao wenyewe ni mashujaa wa saratani, sisi tunawaita wamama wa Jumatano kwasababu ndio siku yao ya kukutana. Haya maoni ni ya titi na ni ya wao pia, siwezi kuwatenganisha.

Kabla ya hapo nilinunua la silikoni. Laki nne na nusu, hela ambayo ilikuwa iende kwenye ada. Kaka wa dukani akaniuliza saizi mbele ya wateja, akanipa aliloona yeye, tena la upande wa kushoto wakati mimi nimetolewa kulia, nimekuja kugundua nyumbani na kurudisha wakakataa. Sisemi silikoni ni mbaya, wapo wanaozipenda kwakuwa zina uzito kama titi lenyewe na zinatulia pale pale, ila joto la Dar mwezi wa pili, umesimama kwenye daladala, jasho linakusanyika pale chini na ngozi yangu ilikuwa bado inachubuka kwa mionzi, jamani, nilikuwa nikifika kazini naenda chooni kulivua.

Mionzi nilipigwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, siku 15, Jumatatu hadi Ijumaa wiki tatu. Wanaopajua wanajua lile jengo la Mjerumani la 1897 linalotazama bahari, upepo unapita, ukikaa nje kusubiri zamu yako unasikia mawimbi tu. Mimi nilikuwa siongei na mtu. Kifuani nimechorwa mistari ya wino nimeambiwa nisiisugue, manukato marufuku, nywele zilishaisha tangu dripu ya pili ya ile dawa nyekundu ya saratani, na kila anayenipigia simu anaanza na pole anamaliza na pole. Dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja ndiye aliyenishika mkono Jumatano moja tukitoka akanipeleka kwa wale wamama, barazani nyumbani kwa mmoja wao.

Anayepima ni bibi mmoja. Akaniingiza chumbani, akafunga mlango, na kabla sijagusa kifungo changu yeye akafungua gauni lake akanionyesha kovu lake, refu, limetoka kwapani hadi katikati ya kifua. "Langu hili mwanangu, miaka 11. Haya na wewe sasa, taratibu." Mume wangu alikuwa hajaliona la kwangu. Dada yangu wa tumbo moja hajaliona. Nikamfungulia huyu bibi ambaye hata jina lake sijalishika, akanipima na futi ya fundi, titi lililobaki kwanza, halafu upande wa pili, hakuharakisha wala hakuweka sura ya msiba, akasema kovu limefunga vizuri, halafu akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Nililia pale kitandani kwake na akaniacha nilie mpaka nikamaliza mwenyewe.

Wiki iliyofuata titi likawa tayari. Rangi ya kahawia inayokaribiana na ngozi yangu, uzi wa pamba, na walinieleza kwanini: uzi wa sweta unawasha na unaleta joto, kwenye ngozi iliyoungua hauvumiliki. Mbele linakwenda likipungua hadi kwenye chuchu ambayo nayo imefumwa, nyuma ni bapa na katikati kuna tundu dogo lenye kamba, unavuta kamba unafungua unaongeza pamba au unapunguza mpaka lilingane na mwenzake. Hiyo kamba ndio kitu nilichokipenda kuliko vyote, kwasababu mimi nilikonda na dripu halafu nikanenepa na zile dawa, na titi limekuwa likifuata mwili wangu. Ni jepesi mno, ukilishika mkononi unaweza kusahau umeshika kitu. Nesi aliniambia nisilivae mpaka ngozi ikauke kabisa, nikasubiri karibu mwezi, na nakushauri na wewe umuulize daktari wako kwanza hata kama unaona kovu limefunga.

Mapungufu yapo. Kwakuwa ni jepesi linapanda ukinyanyua mikono, kwahiyo lazima sidiria iwe na mfuko, na wale wamama wanakushonea mfuko hapo hapo kwa kipande cha kanga ya zamani, usipoweka mfuko utarudi kwenye yale ya soksi. Kukauka linachelewa. Nafua kwa mkono na sabuni kidogo, nakamua ndani ya taulo bila kusokota, naanika kivulini, na kipindi cha masika nimewahi kusubiri siku mbili nzima, ndio maana unahitaji mawili. Na kwa mwenye matiti makubwa sana, rafiki yangu mmoja anasema upande mmoja bado unamvuta na bega linamuuma, yeye anachanganya, silikoni akienda kazini la uzi akiwa nyumbani.

Wazo lenyewe halikuanzia kwetu. Mama mmoja wa Marekani, Barbara Demorest, alitolewa titi mwaka 2011, daktari akamwambia wiki sita asivae la silikoni, akamuonyesha picha ya titi la kufuma, rafiki yake akamfumia, na kutoka hapo akaanzisha Knitted Knockers, sasa wafumaji wa kujitolea wako nchi nyingi na ramani ya ufumaji inatolewa bure. Wamama wetu walishusha ile ramani wakaanza na sindano walizokuwa nazo.

Ila kwao titi ni mwanzo tu. Kuna mmoja alikuwa ananipigia kila siku saa mbili usiku, haniulizi najisikiaje, ananiuliza nimekula nini, na nikisema sijala anakaa kwenye simu mpaka nikoroge hata uji. Mwingine alinifundisha kunyonya barafu yenye ndimu kichefuchefu kikizidi. Siku mume wangu alipokuja kunichukua barazani, bibi akamkalisha chini akaongea naye kama mama na mwanae, sikusikia walichoongea, lakini usiku ule mume wangu ndiye aliyenipaka mafuta kwenye kovu.

Titi langu la pili lina kahawia mbili. Mama aliyelianza alirudishwa kwenye dripu katikati ya kazi, mikono ikafa ganzi, sindano zikawa zinamponyoka, mwenzake akalimalizia na uzi uliokuwepo. Fundo za wa kwanza zimebana, za wa pili zimelegea kidogo, ukipitisha kidole unasikia pale walipopokezana. Yule mama saa hizi ameanza tena kufuma, na kila nikienda ananiomba aangalie pale alipoishia.

Nalivaa hilo zaidi kuliko la kwanza.

Kwahiyo nyota tano, na hayo mapungufu nimeshayasema. Kama unatafuta, waulize manesi wa kliniki yako, mara nyingi wanajua vikundi vya karibu. Nenda na sidiria unayoivaa siku zote, sio mpya, wapimie hiyo. Na kama una uzi wa pamba umebaki nyumbani wapelekee, rangi yoyote wanapokea, ila wa kahawia ndio unaowaishia haraka.