Uzoefu wangu na kikundi cha kusaidiana cha watu wenye ulemavu wanaoajiri wasaidizi wao

Ninaishi kaskazini mwa England, ninatumia kiti cha magurudumu, na fedha za matunzo yangu huingizwa katika akaunti maalumu ninayoisimamia mwenyewe, badala ya halmashauri kuniletea wahudumu wa kampuni kwa saa inazozipanga yenyewe. Utaratibu huu wa malipo ya moja kwa moja uliruhusiwa na sheria ya mwaka 1996 baada ya watu wenye ulemavu kuudai kwa muda mrefu, na sasa huku England unaongozwa na Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014. Uhuru wake ni mkubwa, lakini ukishamwajiri msaidizi unakuwa mwajiri kamili mbele ya sheria: unatakiwa kuwa na bima ya dhima ya mwajiri, yaani ya kulipa fidia msaidizi akiumia kazini, kumpa maelezo ya ajira kwa maandishi tangu siku ya kwanza, kushughulikia kodi yake, na kumlipia likizo isiyopungua wiki 5.6 kwa mwaka. Halmashauri ilinikabidhi kijitabu chenye mambo hayo yote na kuniachia.

Kikundi ninachokieleza hapa kinaendeshwa na watu wenye ulemavu ambao nao wameajiri wasaidizi. Huduma ni ya bure. Mgeni hupewa mwenyeji mmoja, yaani mwanachama mzoefu, wa kuzungumza naye kwa simu, na kila mwezi kuna kikao, mara nyingine ukumbini na mara nyingine kwa video.

Mambo ya kodi na mishahara hayakuhitaji kikundi, kwa kuwa yapo mashirika ya kuyafanya kwa ada ndogo, na ada hiyo huweza kuingizwa katika bajeti ya matunzo. Nilichokipata kikundini ni namna ya kumwongoza mtu anayekuogesha. Mwenyeji wangu, mama mmoja mtu mzima aliyeajiri wasaidizi kwa miaka mingi, aliniambia kwamba katika usaili nisitosheke na maswali, bali nimwombe kila anayekuja anitengenezee chai kwa maelekezo yangu, hatua kwa hatua, nikiwa nimeketi pembeni. Mmoja alisikiliza mpaka nikamaliza ndipo akashika birika. Mwingine, mwenye vyeti vingi kuliko wote, alikwisha kutia sukari kabla sijasema kama naitumia, akaniambia nisijisumbue, anaijua kazi. Nilimwajiri yule wa kwanza, na mpaka leo ninaye.

Mama huyo huyo alinifundisha kuandika ukurasa mmoja wa asubuhi yangu kwa ajili ya msaidizi wa dharura: mkanda upi wa kitambaa cha kuninyanyulia unafungwa kwanza, mguu upi hukakamaa ukivutwa haraka, mto unawekwa wapi ili ngozi isichubuke. Umebandikwa nyuma ya mlango wa chumba changu, na msaidizi wangu anapougua sihitaji kuanza kumweleza mgeni mambo hayo huku ninaning'inia kwenye mashine ya kuninyanyua.

Kwetu Waswahili lipo jambo jingine ambalo kikundi hakikulielewa mara moja. Nililelewa kumwamkia mkubwa na kumtumikia, kwa hiyo kumwagiza msaidizi wangu, mwanamke wa rika la mama yangu, na kumkosoa kazini kulinikera moyoni. Wanakikundi wengi walidhani ninakosa ujasiri. Mwanachama mmoja kutoka Pakistan ndiye aliyenielewa, na ushauri wake ulinifaa: masahihisho yawekewe wakati wake, kila Ijumaa baada ya karatasi ya saa za kazi kutiwa saini, ili yawe sehemu ya kazi na yasiwe karipio. Ndugu nao huleta mtihani wao. Shemeji yangu anayeishi nasi aliitaka nafasi ya msaidizi, na ni kikundini nilikojua kwamba jamaa wa karibu wa nyumba moja kwa kawaida halipwi kutoka fedha hizi kwa matunzo yenyewe, isipokuwa halmashauri ikiridhia kwamba ni lazima. Jibu hilo lilituepusha na ugomvi, maana aliyekataa hakuwa mimi.

Kasoro zipo. Mazungumzo yamejaa vifupisho vya ofisini ambavyo mtu aliye mgeni wa lugha ya Kiingereza hawezi kuvifuata, na nilipoomba yaandikwe kwa lugha nyepesi nilisubiri sana. Vikao vya video hufanyika jioni, saa ile ile wengi wetu tunapolazwa na wasaidizi, jambo la ajabu kwa kikundi kama hiki. Mratibu analipwa kwa ruzuku ya muda mfupi, hivyo huwa hatujui kama mwakani atakuwepo.

Tena wenzako si wanasheria. Ukifikia kumwachisha mtu kazi, usitegemee simulizi za kikaoni hata kama zinafanana na kisa chako. Piga simu Acas, wanaotoa ushauri wa bure kuhusu ajira, au uangalie bima yako, kwa kuwa baadhi ya bima za waajiri wa namna yetu huja na simu ya ushauri wa sheria. Anayetaka kikundi cha eneo lake aanze kwa kumwuliza afisa wa ustawi wa jamii anayeshughulikia mpango wake wa matunzo, na amwulize kabla ya kutia saini ya kupokea fedha, kwa sababu usaili wa kwanza ndio unaohitaji mwenyeji zaidi.